Aliyetangulia kwa Mwaka Mmoja: Wanafunzi Wanaoongozana katika Maabara ya Kemia

Kozi ya maabara ni miongoni mwa sehemu za gharama kubwa zaidi katika kufundisha kemia chuo kikuu, kwa kuwa inadai chumba chenye mabomba ya maji na ya gesi, makabati ya kufyonza hewa yenye sumu, kemikali zinazokwisha na vyombo vya kioo vinavyovunjika, pamoja na watumishi wa kuvisimamia vyote hivyo. Hata hivyo, ni humo humo ambamo mwanafunzi anaweza kusimama saa tatu nzima akishughulisha mikono bila kulazimika kufikiri jambo lolote la kemia: anafuata mwongozo uliochapwa, anapima ujazo ulioandikwa, anachanganya, anasubiri rangi ibadilike, anajaza jedwali na kuondoka. Mwaka 1999 mtafiti wa elimu ya kemia, Daniel Domin, aliigawa mitindo ya kufundishia maabara kwa kuuliza mambo matatu, yaani kama matokeo ya jaribio yanajulikana kabla, kama mwanafunzi anatoka kwenye kanuni kwenda kwenye mfano au kinyume chake, na kama hatua za kufuata amepewa au anazibuni mwenyewe. Na mtindo ulioenea kuliko yote ni ule ambao matokeo yanajulikana, kanuni imekwisha kutolewa na hatua zimeorodheshwa. Wakosoaji wameufananisha mtindo huo na upishi wa kufuata kitabu cha mapishi, na ufananisho huo una ukweli, ingawa unamwonea mpishi, ambaye angalau huonja anachokipika.

Hali hiyo haitokani na uvivu wa wanafunzi wala wa wahadhiri. Alex Johnstone, aliyefanya kazi yake katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba maabara inaielemea kumbukumbu tendaji, yaani ile nafasi finyu ya akili ambamo mtu hushikilia mambo machache kwa wakati mmoja anapoyafanyia kazi. Mwanafunzi anayeingia maabara anapokea kwa mpigo majina mapya ya vyombo, maagizo ya mdomo, maagizo ya maandishi, stadi ya mikono ambayo hajaizoea, tahadhari za usalama na nadharia anayotakiwa kuikumbuka kutoka darasani. Na akiwa hana njia ya kutenganisha lililo muhimu na lisilo muhimu, anajiokoa kwa kufuata mstari mmoja wa mwongozo baada ya mwingine. Johnstone huyo huyo, mwaka 1991, alieleza kwamba kemia hufikiriwa katika ngazi tatu, yaani ngazi ya kinachoonekana kwa macho, ngazi ya atomu na molekuli zisizoonekana, na ngazi ya alama na milinganyo, na kwamba mtaalamu huruka kutoka ngazi moja kwenda nyingine bila kujitambua, ilhali mwanagenzi hubaki ameduwaa katikati.

Kuruka huko kusikotambulika ndiko chanzo cha tatizo ambalo makala haya yanalishughulikia. Mtu aliyetumia bureti kwa miaka ishirini hawezi tena kuona kilicho kigumu katika bureti. Anaposema kwamba chombo kisafishwe kwa myeyusho utakaotumiwa, anadhani amesema jambo moja dogo, kumbe nyuma ya agizo hilo kuna hoja nzima kuhusu idadi ya moli, ambayo kwake imekuwa mazoea na kwa msikilizaji ni fumbo. Anayeweza kuiona hoja hiyo kama hoja, na kukumbuka mahali ilipomkwaza, ni mtu aliyeipitia hivi karibuni: mwanafunzi aliyesoma kozi hiyo hiyo mwaka uliopita na kuifaulu vizuri. Juu ya wazo hilo rahisi ndipo ulipojengwa utaratibu wa kujifunza kunakoongozwa na wanarika, ambamo kikundi kidogo cha wanafunzi hufanya kazi pamoja chini ya kiongozi rika, yaani mwanafunzi mwenzao aliyetangulia kidogo, aliyepewa mafunzo ya kuongoza, na ambaye kwa kawaida hapewi kalamu ya kutoa alama.

Kutoka Giessen hadi New York

Wazo la wanafunzi wa kemia kufundishana ni la zamani karibu sawa na maabara ya kufundishia yenyewe. Justus von Liebig alipofika Giessen nchini Ujerumani mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 21, alianzisha maabara ambayo baadaye ilivuta wanafunzi kutoka nchi nyingi za Ulaya na kutoka Marekani, na katika kumbukumbu alizoziandika kuhusu maisha yake alieleza kwamba mafunzo ya wanaoanza yaliachwa mikononi mwa wasaidizi wenye uzoefu, na kwamba wanafunzi waliokwisha kupiga hatua walijifunza kila mmoja kutoka kwa mwenzake kwa kushiriki katika kazi za wote. Vyuo vilivyoiga Giessen viliuchukua mpangilio wa meza, mizani na tanuri, na kwa muda mrefu wa karne iliyofuata vilihesabu mazungumzo ya wanafunzi kuwa jambo la pembeni tu. Katika vyuo vikuu vikubwa vya Marekani usimamizi wa maabara za mwaka wa kwanza ulikabidhiwa kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ambao wengi wao waliichukulia kazi hiyo kama ada ya kulipa ili waendelee na utafiti wao.

Sura ya sasa ya utaratibu huu ilianzia City College, chuo cha umma kilichopo mtaa wa Harlem jijini New York, ambacho tangu kuanzishwa kwake mwaka 1847 kimekuwa mlango wa elimu ya juu kwa watoto wa wafanyakazi na wa wahamiaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkemia David Gosser na wenzake walikuwa wakisumbuliwa na idadi ya wanafunzi walioanguka au kuiacha kozi ya kemia ya mwaka wa kwanza, kozi ambayo ndiyo lango la udaktari, uhandisi na fani nyingine nyingi. Waliwachukua wanafunzi waliofaulu kozi hiyo, wakawapa kila mmoja kikundi cha watu sita hadi wanane, na kuwataka wakutane kila wiki kushughulikia maswali magumu yaliyotungwa makusudi kwa ajili ya kujadiliwa. Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani iligharimia upanuzi wa mradi huo katikati ya miaka hiyo, na watu kama Jack Kampmeier na Vicki Roth wa Chuo Kikuu cha Rochester, pamoja na Pratibha Varma-Nelson, aliyeufanyia kazi kwa miaka mingi huko Indianapolis, waliusambaza hadi kozi za kemia ya kaboni na hata nje ya kemia.

Gosser na wenzake hawakuwa wa kwanza kutambua nguvu ya kikundi. Katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Uri Treisman alikuwa ameonyesha miaka ya 1970 na 1980 kwamba wanafunzi wengi Wamarekani weusi waliokuwa wakianguka katika hisabati walikuwa wakisoma kwa bidii lakini kila mtu peke yake, ilhali wenzao wenye asili ya China walikuwa wakikutana jioni, kulinganisha majibu na kukosoana. Na alipowaundia wale wa kwanza vikundi vya maswali magumu, matokeo yao yalipanda sana. Msomaji aliyesoma sekondari Tanzania au Kenya atakuwa anautambua mtindo wa wanafunzi wa Berkeley waliokutana jioni, maana ni ile ile diskasheni ya baada ya masomo, yenye ubao mmoja na anayejua kidogo zaidi akishika chaki. Kilichoongezwa New York ni kwamba diskasheni iliingizwa ndani ya ratiba rasmi, ikapewa kiongozi aliyefunzwa na maswali yaliyotungwa na mhadhiri, na haikuachwa tena iwategemee wale wenye marafiki wa kusoma nao.

Nadharia inayotajwa mara nyingi kuutetea utaratibu huu ni ya mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, ambaye alieleza umbali uliopo kati ya kile ambacho mtu anaweza kukifanya peke yake na kile anachoweza kukifanya akisaidiwa na mtu mzima au na mwenzake mwenye uwezo zaidi. Wengi humnukuu kwa kumtaja mtu mzima na kumsahau mwenzake huyo, ambaye kwa hakika ndiye anayehusika hapa.

Kiongozi rika anapoingia maabara

Vikundi vya Gosser vilikutana darasani, mbele ya karatasi. Kuvihamishia maabara ni jambo jingine, kwa kuwa karatasi haimwagiki wala haiunguzi. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilikuwa miongoni mwa vilivyojaribu mapema: baadhi ya maabara za kemia ya mwaka wa kwanza ziliwekwa chini ya viongozi rika, kila mmoja akiwa na kikundi chake, wakati nyingine ziliendelea kwa mtindo wa kawaida, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2006 katika Journal of Chemical Education ilionyesha kwamba walioongozwa na wenzao walijibu vizuri zaidi maswali yaliyowataka wafikiri juu ya majaribio yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Clemson, Melanie Cooper alikuwa amefuata njia ya jirani tangu miaka ya 1990, akiuvunja mwongozo wa hatua na kuwapa wanafunzi, katika vikundi vidogo, miradi ya wiki kadhaa, kama vile kutambua kampaundi ya ioni isiyojulikana, kuchunguza tabia zake na kubuni namna ya kuitengeneza.

Mradi huo wa Clemson unastahili kulinganishwa na kile ambacho mwanafunzi wa Afrika Mashariki hukijua kama uchambuzi wa chumvi isiyojulikana, sehemu ya mtihani wa vitendo wa kemia sekondari. Kemia yake ni ile ile: nitrati ya fedha huitoa kloridi kama mashapo meupe, kloridi ya bariamu huitoa salfeti, na mwali wa moto huonyesha rangi ya metali. Lakini mtahiniwa wa sekondari huwa amekariri jedwali la jaribio, uonaji na hitimisho kiasi kwamba anaweza kuandika safu ya tatu kabla hajaigusa chumvi yenyewe, ilhali katika mradi wa kikundi hakuna jedwali, na swali la kwanza ni lipi lijaribiwe mapema na kwa sababu gani. Watu wanne wenye maoni manne kuhusu jaribio la kuanzia wanalazimika kutoa sababu, na sababu zikishatolewa kwa sauti zinaweza kupimwa. Kukariri hakuna sauti.

Namna kiongozi rika anavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi katika jaribio la kawaida kabisa, titresheni ya siki. Titresheni ni njia ya kutafuta ukolezi wa myeyusho mmoja kwa kuuongezea taratibu mwingine ambao ukolezi wake unajulikana, hadi miwili hiyo imalizane. Siki ya dukani huwa na asidi ya asetiki karibu asilimia 5. Ikizimuliwa mara kumi, mililita 25.0 zake zitahitaji takriban mililita 20.9 za haidroksaidi ya sodiamu yenye ukolezi wa moli 0.100 kwa lita, na kiashiria cha fenoftalini kitageuka kutoka kutokuwa na rangi hadi waridi hafifu. Tuseme kikundi kina jozi nne, na jozi tatu zimepata 20.9, 20.8 na 20.9, wakati ya nne imepata 21.5. Katika maabara ya kawaida jozi ya nne hurudia jaribio, hupata 20.9, huifuta 21.5 na kuendelea, na hivyo jambo la maana kuliko yote lililotokea mchana huo linapotea chini ya kifutio.

Kiongozi rika aliyefunzwa huzuia kifutio. Anauliza ni nini kinachoweza kuifanya bureti isomeke zaidi ya kiasi kinachotarajiwa, na hapo hoja mbili au tatu huibuka. Mmoja anasema huenda kulikuwa na kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti, chini ya koki, ambacho kilitoka jaribio lilipoanza na nafasi yake kujazwa na besi ambayo ilihesabiwa bila kufika kwenye asidi. Mwingine anasema huenda bureti iliachwa na maji baada ya kusuuzwa, yakaizimua besi, na hivyo ikahitajika nyingi zaidi. Hoja zote mbili zinaelekeza upande mmoja, na zote mbili zinaeleza kwa nini jaribio la pili lilitoka sawa, kwa sababu kiputo kikishatoka hakirudi na maji yakishapungua kwa kujazwa upya hayana athari kubwa. Zinatenganishwaje? Kwa hesabu, akitokea wa kuifanya: ili 20.9 iwe 21.5 kwa sababu ya maji, lazima bureti ya mililita 50 iwe na karibu mililita 1.4 za maji, kiasi ambacho kingeonekana kwa macho, ilhali kiputo cha mililita 0.6 kinatosha peke yake. Na kama kuna muda, kwa jaribio: bureti isuuzwe kwa maji, itiririshwe kama ilivyotiririshwa mwanzo, ijazwe bila kiputo, na isomwe.

Kutoka hapo kiongozi anaweza kusukuma mbele swali ambalo karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huliogopa: ikiwa maji ndani ya bureti yana madhara, kwa nini mwongozo unaruhusu chupa ya koni inayopokea asidi iwe bado imelowa maji? Jibu ni kwamba ndani ya chupa kinachohesabiwa ni idadi ya moli za asidi iliyoingizwa kwa pipeti, na maji hayaongezi wala hayapunguzi hata moli moja, wakati ndani ya bureti kinachotegemewa ni ukolezi, ambao maji huubadilisha. Wanafunzi wanaolifikia jibu hilo wenyewe wamezivuka ngazi zote tatu za Johnstone, kutoka kioo kilicholowa hadi chembe hadi mlinganyo. Mhadhiri angeweza kulieleza kwa sentensi mbili, na pengine angeeleza vizuri zaidi. Tofauti ni kwamba sentensi zake zingefika kabla ya swali.

Hapa ndipo ulipo ufundi wa kazi hii, na ni ufundi mgumu kwa kijana wa miaka ishirini anayelijua jibu na anayetamani kuonekana kuwa analijua. Katika utaratibu uliotoka City College, vikundi havipewi karatasi ya majibu, na viongozi hufundishwa kurudisha swali kwa kikundi, kumwita anayenyamaza, na kuuliza jibu limejulikanaje hata pale lilipo sahihi, kwa sababu kiongozi anayeuliza tu pale penye kosa huwafundisha wenzake kwamba swali maana yake ni kosa. Mara moja kwa wiki hukutana na mhadhiri, hulifanya jaribio lijalo wao wenyewe, na hujadili mahali ambapo wenzao watakwama. Huko Rochester mafunzo ya viongozi yaligeuzwa kuwa kozi kamili yenye usomaji kuhusu namna watu wanavyojifunza. Vyuo vinavyoufanya mkutano huo wa kila wiki kuwa wa hiari, au kuufuta pale ratiba inapobana, huishia kuwa na wasaidizi wa bei nafuu wanaotoa majibu kwa upole kuliko mwongozo.

Lakini maabara inaongeza sharti ambalo darasa halina, na sharti hilo linapingana na lile la kwanza. Kuhusu jibu, kiongozi anyamaze. Kuhusu usalama, asinyamaze hata kidogo. Mwanafunzi aliyeinua miwani ya kinga hadi kwenye paji la uso ili asome bureti vizuri hapaswi kuulizwa swali la kumfikirisha, kwa kuwa haidroksaidi ya sodiamu, hata ile ya kiwango cha kufundishia, huliharibu jicho. Anaambiwa airudishe mara moja. Anayetaka kumimina maji juu ya asidi ya salfuriki kali, badala ya kumimina asidi taratibu ndani ya maji, anazuiwa kwanza, na mazungumzo kuhusu joto linalozalishwa yanafuata baadaye. Kijana mmoja anatakiwa awe na sauti mbili na ajue bila kusita ni ipi ya kutumia, na uzoefu wa vyuo vingi umewafanya waandaaji waizoeze hali hii kwa maigizo kabla muhula haujaanza, kiongozi mmoja akijifanya mwanafunzi mkaidi na mwingine akijaribu kumdhibiti bila kugombana naye. Tena wajibu wa kisheria wa usalama haumhamii kiongozi rika. Mhadhiri au mkufunzi wa maabara lazima awepo ndani ya chumba, na chuo kinachomwacha mwanafunzi wa mwaka wa pili peke yake na watu ishirini na nne na asidi kali hakifanyi mageuzi ya elimu.

Kinachojulikana na kinachodaiwa

Ushahidi kuhusu kujifunza kwa vikundi katika sayansi kwa jumla ni mkubwa. Uchambuzi wa Scott Freeman na wenzake wa mwaka 2014, uliojumlisha tafiti 225, ulikuta kwamba wastani wa wanaoanguka katika kozi za mihadhara pekee ulikuwa asilimia 33.8, dhidi ya asilimia 21.8 katika kozi zinazowashughulisha wanafunzi. Kuhusu viongozi rika mahususi, Scott Lewis na Jennifer Lewis, katika utafiti wa mwaka 2005 ambamo mhadhara mmoja kati ya mitatu ya wiki uliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kipindi kinachoongozwa na wanarika, walikuta kwamba wanafunzi hawakupoteza chochote katika mitihani kwa kukosa mhadhara huo, na zaidi ya hapo walifanya vizuri kuliko wenzao. Hilo ni tokeo la kustaajabisha kidogo, na lingepaswa kuwasumbua wahadhiri zaidi ya lilivyowasumbua.

Hata hivyo, tafiti hizo nyingi zinahusu darasa, na ni hatari kuzihamishia maabara kana kwamba ni kitu kimoja. Katika maabara hata swali la nini kipimwe halijaafikiwa: kama ni ustadi wa mikono, mtihani wa karatasi hauuoni, kama ni uelewa wa nadharia, darasa linaweza kuutoa kwa gharama ndogo zaidi, kama ni uwezo wa kubuni jaribio na kulitilia shaka tokeo, basi vipimo vyake ndio kwanza vinatengenezwa. Tena pale ambapo vikundi vya wanarika ni vya hiari, wanaojitokeza huwa mara nyingi ni wale wenye ari tangu mwanzo, na ufaulu wao hauwezi kuhesabiwa wote kuwa ni kazi ya kiongozi. Watafiti makini hulirekebisha tatizo hilo kwa kulinganisha alama za awali au kwa kuwapanga wanafunzi bila kuwachagulisha. Wasio makini huchora tu nguzo mbili na kuonyesha iliyo ndefu.

Faida iliyo wazi kuliko zote huenda ikawa ni ya kiongozi mwenyewe. Leo Gafney na Pratibha Varma-Nelson waliwafuatilia waliowahi kuwa viongozi rika miaka kadhaa baada ya kuhitimu, na waliojibu walieleza kwamba kazi hiyo iliwajengea uelewa wa kudumu wa kemia, ujasiri wa kusema mbele ya watu na, kwa baadhi, mapenzi ya kazi ya ualimu ambayo hawakuwa nayo. Hakuna la ajabu hapo, kwani anayejiandaa kueleza jambo hulipanga upya kichwani kwa namna ambayo anayejiandaa kwa mtihani hahitaji. Lakini tokeo hili linaleta swali la haki: ikiwa anayefaidika zaidi ni yule aliyekwisha kufaulu, basi uteuzi wa viongozi kwa alama za juu pekee unaongeza mali kwa mwenye nacho. Vyuo vingine huteua kwa makusudi baadhi ya viongozi waliopata alama za wastani baada ya kuhangaika, na kuna hoja nzuri ya kufanya hivyo, kwa sababu aliyehangaika anakumbuka mashimo yote ya njia.

Jambo jingine ambalo wapenzi wa utaratibu huu hulipitia haraka ni kile kinachotokea ndani ya kikundi pale kiongozi anapogeuka. Utafiti wa maabara za fizikia katika Chuo Kikuu cha Cornell, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wanafunzi walipopewa uhuru wa kupanga kazi wenyewe, mgawanyo wa kijinsia ulijitokeza bila mtu kuuamuru, wanaume wakielekea kushika vifaa na wanawake wakielekea kwenye kazi za kuratibu na kuandika. Kemia haina kinga dhidi ya tabia hiyo. Mwanafunzi anayemaliza muhula akiwa ameandika kila tarakimu ya kikundi bila kuwahi kuifungua koki ya bureti amehudhuria maabara, lakini mikono yake haikuhudhuria. Dawa yake si ngumu, yaani kuzungusha majukumu kila wiki kwa orodha iliyoandikwa, ili anayesoma kipimo leo awe mwandishi wiki ijayo. Ugumu upo katika kumpata kiongozi asiyechoka kuisimamia orodha hiyo wakati mwanafunzi mwepesi wa mikono anapomwambia kwamba yeye angemaliza haraka zaidi.

Kwa vyuo vya Afrika Mashariki swali linakuja kwa sura tofauti, kwa sababu pale idadi ya wanafunzi inapokua kuliko idadi ya vyombo, watu wanajikuta wamelizunguka jaribio moja hata kabla mtu hajataja elimu ya wanarika. Kikundi kilichozaliwa na uhaba na kikundi kilichoundwa kwa makusudi vinaweza kuonekana sawa kutoka mlangoni, watu sita na bureti moja, lakini katika cha kwanza wawili hufanya kazi na wanne hunakili matokeo. Kiongozi rika haongezi bureti. Anachoweza kukifanya ni kuwapa wale wanne kazi ambayo haihitaji bureti na bado ni kemia: kukadiria matokeo kabla ya tone la kwanza, kuhesabu ni kosa gani lingeleta tofauti gani, kuamua kama vipimo viwili vinavyotofautiana kwa mililita 0.1 vinatofautiana kweli. Kwa kuwa lugha ya kufundishia vyuoni ni Kiingereza, kiongozi anayeweza kuiweka hoja ya moli na ukolezi kwa Kiswahili, na kisha kuirudisha kwa lugha ya mtihani, anatoa huduma ambayo mwongozo uliochapwa hauna, na ambayo hutolewa kimyakimya kila jioni katika mabweni.

Si kila jaribio linafaa kuwekwa chini ya mpango huu. Titresheni, uchambuzi wa ioni, upimaji wa joto la mmenyuko na wa kasi yake yanafaa, kwa sababu yanatoa namba au rangi zinazobishaniwa, yanarudiwa kwa muda mfupi, na makosa yake mengi hayadhuru mtu. Kunereka etha, ambayo mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo, au kufanya kazi na asidi ya nitriki kali, ni kazi za kubaki chini ya mtu aliyeajiriwa na kulipwa kwa ajili hiyo, angalau katika mwaka wa kwanza. Na malipo ya kiongozi rika mwenyewe, yawe ni posho kama ilivyokuwa City College au ni alama za kozi kama zinavyotolewa na baadhi ya vyuo, yanapaswa kuamuliwa na kuandikwa kabla muhula haujaanza, kwa kuwa kazi hii humla mtu saa kadhaa kila wiki za kuandaa, kuongoza na kukutana na mhadhiri, na kiongozi aliyeahidiwa cheti tu huanza kukosa vikao mitihani yake mwenyewe inapokaribia, wakati ule ule ambapo kikundi kinamhitaji zaidi.